Mashine ya Kulainisha Maji Haina Kazi Bengamisa: Hesabu ya Chumvi, Kutu na Chokaa

Kilo 130 za chumvi kwa mwaka, ili kuondoa nusu kilo ya madini yaliyoyeyuka majini. Hiyo ndiyo hesabu itakayoikabili familia ya Bengamisa ikifunga mashine ya kulainisha maji inayojiosha yenyewe kwa kufuata saa yake, mara moja kila wiki. Juu ya chumvi hiyo kuna lita 10,000 na zaidi za maji yatakayomwagwa, yaani mabido (madumu) 520 ya lita 20, na mengi ya hayo katika vijiji vya huku hubebwa kichwani.

Bengamisa iko yapata kilomita 50 kaskazini mwa Kisangani, kwenye barabara ya Banalia na Buta, katika teritwari ya Banalia, jimbo la Tshopo. Maji ya visima vya huku yanaweza kuudhi kweli. Ndoo nyeupe inageuka nyekundu ndani ya wiki chache. Chai inakuwa nyeusi kama wino. Shati la shule linafuliwa na kutoka na madoa ya rangi ya udongo. Mtu akiyaona hayo ni rahisi aambiwe kwamba maji yake ni magumu na kwamba dawa ni mashine ya resini na chumvi, kama zile zinazofungwa katika nyumba za Ulaya, za Ghuba na za miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Namba zinasema kinyume. Maji ya msitu huu ni laini kupita kiasi, na tiba yake inakwenda upande wa pili: yanahitaji kuongezewa chokaa kidogo, si kupunguziwa.

Ugumu unapimwaje

Ugumu wa maji ni jumla ya kalsiamu na magnesiamu vilivyoyeyuka ndani yake, na huandikwa kama miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Kwa vipimo vinavyotumika sana, maji yenye chini ya miligramu 60 huitwa laini, kati ya 60 na 120 yana ugumu wa wastani, kati ya 120 na 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya. Linachotaja ni mabomba: ugumu ukipita 200 hivi, ukoko mweupe hujijenga ndani ya birika na mabomba. Ukiwa chini ya 100, maji huelekea kuyala mabomba yenyewe.

Tuweke maji ya Kongo kwenye kipimo hicho. Maji ya Mto Kongo wenyewe, ambao umekusanya mito ya karibu nchi nzima, hubeba kwa wastani chini ya miligramu 40 za madini yaliyoyeyuka katika kila lita. Kalsiamu ndani yake ni kama miligramu 2 na kidogo, magnesiamu ni kama miligramu 1.4. Ili kupata ugumu, zidisha kalsiamu kwa 2.5 na magnesiamu kwa 4.1, kisha ujumlishe. Jibu linakuja karibu na 12. Mpaka wa maji laini ni 60, kwa hiyo tuko kwenye sehemu moja ya tano ya mpaka huo.

Sababu iko ardhini na angani. Eneo la Kisangani hupokea yapata milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo imekuwa ikiiosha ardhi hii kwa muda mrefu mno. Kalsiamu ilishaondoka zamani. Kilichobaki ni udongo mwekundu wenye oksidi za chuma na alumini, ule ule unaowasumbua wakulima na ambao watafiti wa Yangambi, kituo kilichoanzishwa mwaka 1933 upande wa magharibi wa Kisangani, wamekuwa wakiuchunguza kwa vizazi. Maji ya mvua yanapopita kwenye majani yanayooza hujichukulia kaboni dioksidi na asidi za mimea, kisha hushuka kwenye udongo usio na chokaa ya kuipooza asidi hiyo. Yanafika kisimani yakiwa laini na yenye asidi, na njiani yameokota chuma.

Sabuni inatoa ushahidi ambao kila mfuaji anaweza kuuona. Kalsiamu hushikana na sabuni na kuifanya ukoko usiotoa povu. Katika maji yenye ugumu wa 300, kiwango kisichoshangaza katika visima vya mawe ya matumbawe huko Unguja au Mombasa, kila lita hula karibu gramu 1.8 za sabuni kabla uchafu haujaguswa. Mfuo wa mabido matatu, lita 60, unapoteza gramu 110. Kwa maji yenye ugumu wa 12, mfuo huo huo unapoteza gramu nne na nusu. Mama anayefua Bengamisa kwa sabuni ya mawese amekwisha kupata bure kile ambacho mwenzake wa pwani angekinunua kwa mashine.

Mashine inavyofanya kazi palipo na ugumu kweli

Ili kuona kwa nini haifai hapa, tuitazame kwanza pale inapofaa. Ndani ya mashine kuna silinda yenye punje ndogo za resini, kila punje ikiwa imeshika sodiamu. Maji magumu yakipita, resini hushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Resini ikijaa, mashine huvuta maji ya chumvi kutoka kwenye tangi la pembeni, huyapitisha polepole, sodiamu inarudi mahali pake, na kalsiamu inamwagwa nje pamoja na chumvi iliyosalia. Uoshaji huo huchukua saa moja na nusu hivi na hutumia kama lita 200 za maji kwa mashine ya ukubwa wa familia.

Chukua nyumba ya pwani yenye maji ya bomba lita 600 kwa siku na ugumu wa 300. Kila siku mashine inaondoa gramu 180 za ugumu. Lita 25 za resini, zikioshwa kwa gramu 100 za chumvi kwa kila lita ya resini, hubeba gramu 1,125 hivi. Kwa hiyo resini inajaa kila baada ya siku 6 na robo, na kila uoshaji unakula kilo 2.5 za chumvi. Kwa mwaka ni uoshaji 58, chumvi kilo 146, na maji karibu lita 12,000. Kila gramu ya ugumu imegharimu gramu 2.2 za chumvi. Ni gharama, lakini birika, hita na sabuni vinairudisha. Maji yanayotoka yameongezewa miligramu 138 za sodiamu kwa lita, jambo ambalo mtu aliyekatazwa chumvi na daktari anapaswa kulijua. Ndiyo maana wengi huacha bomba moja la jikoni bila kulipitisha kwenye mashine.

Mwenye mashine kama hiyo akiona ukoko umerudi kwenye birika, afuate mpangilio huu kabla ya kumwita fundi. Kwanza aangalie vali ya kupitisha maji pembeni. Mara nyingi iliachwa wazi baada ya matengenezo na maji hayapiti kwenye resini kabisa. Pili afungue tangi la chumvi. Katika hewa yenye unyevu, chumvi huganda juu kama dari na kuacha uwazi chini. Ipigwe taratibu kwa mpini wa ufagio hadi ivunjike, na tangi lisijazwe zaidi ya theluthi mbili. Chumvi laini ya mezani hugeuka matope chini ya tangi, kwa hiyo chumvi ya mawe au ya vidonge ni bora.

Tatu apime maji ndani ya tangi hilo. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi za chumvi na haiwezi zaidi. Ili kupata kilo 2.5 za chumvi zinahitajika lita 7. Boya likikwama na kuruhusu lita 3 tu, resini inapata kilo 1.1, chini ya nusu ya kipimo, na maji magumu yatarudi kabla ya wiki kwisha ingawa tangi linaonekana limejaa chumvi. Nne atazame wakati wa uoshaji: kiwango cha maji ya chumvi kisiposhuka, kitundu cha kuvutia kimezibwa na mchanga au kutu, kifunguliwe na kusuguliwa kwa brashi laini na siki. Tano aangalie saa ya mashine. Umeme ukikatika, saa nyingi hupotea, na mashine inaanza kujiosha mchana watu wakiwa wanatumia maji. Sita, maji yakiwa na ladha ya chumvi, uoshaji wa mwisho haukukamilika. Bomba la maji machafu limejikunja au shinikizo ni dogo. Resini yenyewe hudumu miaka 10 na zaidi, ila huharibiwa na vitu viwili: klorini nyingi na chuma.

Mashine hiyo hiyo ikipelekwa Bengamisa

Sasa tuihamishe hadi kwenye familia ya watu 6 Bengamisa, kila mtu akitumia lita 20 kwa siku. Ni lita 120. Kwa ugumu wa 12, mashine itaondoa gramu 1.44 kwa siku. Resini ile ile ya lita 25 ingechukua siku 781 kujaa, zaidi ya miaka miwili. Katika muda huo punje zimekaa kwenye maji yenye joto la nyuzi 25 yanayosogea polepole, mahali ambapo bakteria hupenda kuzaliana. Ili kuzuia hilo, mashine hutegeshwa ijioshe kila wiki hata kama haijajaa, na hapo ndipo zinapotoka kilo 130 za chumvi tulizoanza nazo. Kwa mwaka mzima itakuwa imeondoa gramu 526 za ugumu. Kila gramu imekula gramu 247 za chumvi, mara 110 ya nyumba ya pwani. Maji yaliyomwagwa ni karibu robo ya maji yote ambayo familia hutumia kwa mwaka.

Chumvi nayo haichimbwi Tshopo. Inafika Kisangani kwa mashua kutoka Kinshasa, safari ya mto ya kilomita zaidi ya 1,700, au kwa malori ya upande wa mashariki, kisha ipakiwe tena kwenda Bengamisa. Kila msomaji anaijua bei ya kilo sokoni kwake; aizidishe kwa 130 aone.

Halafu kuna shinikizo. Vali za mashine hizi kwa kawaida zinahitaji bar 1.5 hadi 2 ili kuvuta maji ya chumvi. Mita 10 za kimo hutoa bar moja. Tangi lililoinuliwa mita 4 juu ya mbao linatoa bar 0.4. Ili mashine ifanye kazi bila pampu ya umeme, tangi linapaswa kuwa juu mita 15 angalau, kimo cha jengo la ghorofa tano. Mnara huo ungegharimu zaidi ya mashine yenyewe.

Pigo la mwisho ni chuma. Tuchukue kisima chenye miligramu 3 za chuma kwa lita. Kwa lita 120 kwa siku, chuma kinachoingia kwenye resini kwa mwaka ni gramu 131. Kikigeuka kutu, uzito wake unakaribia robo kilo, na kinazifunika punje kwa gamba ambalo chumvi haiwezi kuling'oa. Kwa hiyo mashine ingekufa kwa ugonjwa ambao haikutengenezwa kuutibu, huku ikilishwa chumvi kwa ugonjwa ambao maji hayana.

Kutu inatoka wapi

Chuma cha kisimani kina vyanzo viwili, na kuvitofautisha kunaweza kuokoa fedha nyingi. Chanzo cha kwanza ni udongo wenyewe. Chanzo cha pili ni bomba la pampu. Pampu za mikono za aina ya India Mark II, zilizosambazwa sana Afrika, hutumia mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kila moja likiwa na mita 3. Pampu iliyoshushwa mita 30 ina mabomba 10 yanayoning'inia ndani ya kisima. Mwaka 1994, katika ripoti ya mpango wa maji wa UNDP na Benki ya Dunia, Otto Langenegger alieleza tatizo hili kwa visima vya Afrika: maji yakiwa na pH chini ya 6.5, chuma kilichopakwa zinki hakifai. Zinki inaliwa, chuma kinafuata, mabomba yanatoboka, na watu wanakiacha kisima kwa sababu ya ladha na madoa, wanarudi mtoni.

Kipimo cha kuvitofautisha hakihitaji maabara ya mbali. Asubuhi kabla mtu yeyote hajapiga pampu, jaza chupa moja ya maji ya kwanza. Piga pampu kwa muda mrefu, mabido 15 hivi yakiisha kujazwa, jaza chupa ya pili. Ziache wazi siku mbili, kisha chemsha maji ya kila chupa peke yake, maana yenye asidi huchelewa kuonyesha kutu. Chupa ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili ikabaki safi, chuma kinatoka kwenye mabomba yaliyolala na maji usiku kucha. Dawa ni kuyang'oa na kuweka mabomba ya plastiki yaliyotengenezwa kwa pampu au ya chuma kisichoshika kutu, na hakuna chujio la nyumbani linaloweza kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Zote mbili zikiwa nyekundu sawa, chuma ni cha ardhi, na hapo chujio lina kazi.

Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa ajili ya afya. Linasema tu kwamba kikipita miligramu 0.3 kwa lita huacha madoa kwenye nguo na vyombo. Lakini chuma kina madhara yasiyo ya moja kwa moja. Kila miligramu moja ya chuma kilichoyeyuka hula miligramu 0.64 za klorini. Kisima chenye miligramu 3 kinakula 1.9. Dozi ya kawaida ya klorini kwa maji safi ya nyumbani ni miligramu 2 kwa lita. Karibu yote imeliwa na chuma, na vijidudu vimebaki. Mwaka 2025 Tshopo ilikuwa miongoni mwa majimbo ya Kongo yaliyopigwa na kipindupindu. Mtu aliyetia dawa kwenye bido la maji ya kutu na kunywa kwa imani amekunywa maji ambayo huenda hayana kinga yoyote.

Tiba: chokaa, hewa, mchanga

Chuma kilichoyeyuka hakionekani. Kikikutana na oksijeni hugeuka kutu na kinaweza kuchujwa. Kiasi cha oksijeni kinachohitajika ni kidogo, miligramu 0.14 kwa kila miligramu ya chuma, kwa hiyo kuyamwaga maji kutoka ndoo ya juu kwenda ya chini kupitia matundu madogo kunatosha kabisa. Kinachokwamisha ni asidi. Kila pH inaposhuka kwa 1, kazi hii inakuwa polepole mara 100. Kilichochukua nusu saa kwenye pH 7 kingechukua saa 50 kwenye pH 6, na wiki tatu kwenye pH 5.5. Ndiyo sababu watu huyaacha maji usiku kucha ndooni, wanayaona meupe asubuhi, wanayachemsha, na hapo ndipo yanapogeuka mekundu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuipooza asidi, na hapa ndipo chokaa inapoingia. Kokoto za mawe ya chokaa zikiwekwa kwenye ndoo yenye matundu, maji yenye asidi huzila polepole na pH inapanda. Kila miligramu ya kaboni dioksidi inayopoozwa hula miligramu 2.27 za kokoto. Tukikadiria kwamba kila lita inayeyusha miligramu 50, familia ya lita 120 inatumia gramu 6 kwa siku, kilo 2.2 kwa mwaka. Linganisha na kilo 130 za chumvi. Ugumu unapanda kutoka 12 hadi 62, ndio kwanza umegusa mpaka wa maji laini, sabuni haitalalamika. Pasipo na mawe ya chokaa, magamba ya konokono yaliyochemshwa, kukaushwa na kupondwa yana madini hayo hayo. Kokoto zioshwe kila wiki, maana kutu ikizifunika haziyeyuki tena.

Hatua ya pili ni kuyamwagia hewa, na ya tatu ni mchanga. Mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yawe meupe, wenye kina cha sentimita 40 hadi 60 juu ya changarawe, hupitisha maji vizuri kwa mwendo wa sentimita 15 kwa saa. Pipa la lita 200 lenye upana wa sentimita 57 linatoa lita 38 kwa saa. Lita 120 za familia zinapita kwa saa tatu na dakika chache. Baada ya wiki chache mchanga wenyewe huvaa gamba la kutu, na gamba hilo huharakisha kazi; kwa hiyo maji ya siku za kwanza yasitumike kuhukumu chujio. Maji yakianza kupita polepole, kwangua sentimita mbili au tatu za juu, uzioshe, uzirudishe. Hakuna vali, hakuna saa, hakuna umeme.

Baada ya chuma kuondoka, klorini inafanya kazi yake kwa nafuu ya ajabu. Gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 katika lita moja ya maji hutoa dawa ya asilimia moja. Kijiko kimoja cha chai cha dawa hiyo, mililita 5, katika bido la lita 20 ni miligramu 2.5 kwa lita. Subiri nusu saa. Maji yabaki na harufu hafifu ya klorini. Unga uhifadhiwe pakavu, penye kivuli na mbali na watoto, na dawa iliyochanganywa isikae wiki nyingi, kwani joto huiua. Familia inayotibu lita 30 za kunywa kwa siku inahitaji gramu 41 hivi za unga kwa mwaka mzima. Kuzichemsha lita hizo 30 kwenye mafiga matatu, ambapo moto mwingi hupotea pembeni, kunahitaji karibu kilo 5 za kuni kwa siku, tani 1.8 kwa mwaka. Mtu anayebeba kuni hizo anaujua uzito huo bila kuhesabiwa.

Mvua ni kisima cha pili

Nyumba yenye bati ina njia fupi zaidi. Paa la mita za mraba 50, likipokea milimita 1,700 na kupoteza moja ya tano, linakusanya lita 68,000 kwa mwaka. Familia yetu inatumia lita 43,800. Hata mwezi mkavu wa milimita 80 unaleta lita 3,200, karibu sehemu tisa kati ya kumi za mahitaji ya mwezi. Sehemu chache za Afrika Mashariki zina hesabu nzuri kama hii. Dodoma, yenye miezi mingi bila tone, ingehitaji tangi kubwa mno. Hapa mvua inarudi kabla pipa halijaisha, na tangi la lita 1,000 na mifereji mizuri vinabeba sehemu kubwa ya kazi. Maji hayo hayana chuma. Yamwagwe ya dakika za kwanza yanayoosha kinyesi cha ndege na majani, yaliyobaki yafunikwe na kutiwa klorini. Mwenye fedha ya mashine angepata faida kubwa zaidi akiinunulia bati na mifereji.

Palipo na mawe ya chokaa chini

Kuna jambo moja linaloweza kuipindua hesabu hii, na ni haki kulisema wazi. Chini ya udongo mwekundu wa eneo hili kuna miamba ya kale ambayo wanajiolojia waliipa jina la Mto Lindi, na sehemu ya miamba hiyo ni mawe ya chokaa na dolomiti. Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mtambo kikigonga tabaka hilo, maji yake yanaweza kuwa magumu ilhali chemchemi iliyo mita 200 pembeni ni laini. Kwa hiyo namba 12 isichukuliwe kuwa ya kila kisima. Ni ya kuanzia.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa mbili zinazofanana, moja ya maji ya mvua, moja ya kisima. Tia kila moja kiasi kilekile cha sabuni iliyoyeyushwa, tikisa mara 20. Povu likiwa sawa, maji ni laini, na mazungumzo ya mashine yameisha. Povu la kisima likikataa na maji yakageuka kama maziwa, nunua karatasi za kupimia ugumu, pH na chuma, ambazo hutoa jibu ndani ya dakika chache, au peleka sampuli maabara Kisangani.

Kazi hii isiachiwe kila nyumba peke yake. Bengamisa ina zone yake ya afya na ina chuo cha kilimo, ISEA, ambacho wanafunzi wake hujifunza kupima pH ya udongo; kupima pH ya maji ni ujuzi ule ule. Kamati ya kila kisima inaweza kuandika namba tatu kwa rangi kwenye saruji ya pampu: pH, chuma, ugumu, pamoja na mwezi na mwaka wa kipimo. Namba hizo zitamwambia fundi aweke bomba gani, muuguzi ashauri dozi gani ya klorini, na mkuu wa shule ajenge chujio au afunge mifereji. Na atakayekuja na mashine ya kuuza, aulizwe mbele ya watu itaondoa nini kati ya vitatu hivyo, kwa kilo ngapi za chumvi. Kama ugumu ulioandikwa hapo ni 12, fedha ya kijiji ibaki kwa ajili ya chokaa, mchanga, klorini na bati.